Arobaini Yangu ya Malvern

Nina beseni la kuogeshea mtoto mchanga, la plastiki, rangi ya kijani kibichi, na sijawahi kuzaa. Limekaa juu ya kabati langu miaka ishirini na mitatu. Nimehama nyumba nne hapa Johannesburg, na kila mara vijana wa kubeba mizigo wameniuliza, "Mama, na hili?" nami nimewajibu, "Hilo kwanza." Jumanne ya wiki mbili zilizopita, chai ikiwa bado mkononi, Neema alinipigia simu. Neema huzungumza nami Kiingereza. Amezaliwa hapa hapa, Kiswahili anakisikia vizuri lakini hakimtoki. Siku hiyo kilimtoka. "Shangazi," akasema, "Maman hayuko tena." Nilimjibu maneno ya kumjibu mfiwa, yale ambayo mtu huyasema bila kujua anasema nini, kisha nikapanda kiti, nikalishusha beseni, nikalifuta vumbi kwa ncha ya leso. Hapo ndipo nilipolia. Mama Neema alikuwa fundi cherehani, mwanamke wa Bukavu kule Kongo, si dada yangu wala si wa kabila langu, na ndiye aliyenirudishia uhai wangu mwaka nilipokuwa na miaka thelathini na mmoja.

Mwaka huo nilikuwa mwalimu wa hesabu katika shule moja ya kulipia upande wa Sandton. Sisi Wakenya tulisifiwa pale kwa jambo moja: hatuchoki. Mwambie Mkenya achukue vipindi vya mwenzake aliyeumwa, anauliza na vya jioni je. Nilifundisha madarasa saba, nikasimamia mchezo wa chesi nisioujua, nikawapa watoto wa matajiri masomo ya ziada Jumamosi, na Jumapili nilisahihisha madaftari kanisani, nimeyaficha ndani ya Biblia. Msicheke. Nilijiona shujaa. Siku hizi vijana wana jina la ugonjwa ule na daktari wake. Sisi tulisema tu mtu amechoka, tukamwambia anywe chai. Mimi nilikunywa chai. Nilianza kusahau majina ya watoto niliowafundisha miaka mitatu. Nilisahihisha daftari moja mara mbili na kulipatia alama tofauti. Halafu Jumatano moja katikati ya Machi, kipindi cha tano, nilisimama ubaoni niandike tarehe, mkono ukagoma. Sikuijua tarehe. Sikuujua mwezi. Darasa zima likaweka kalamu chini, na watoto wakitulia bila kuambiwa ujue mambo yameharibika. Msichana mmoja wa mstari wa mbele, mdogo kwa umbo, akaja taratibu akanitoa kalamu mkononi, akaiandika tarehe mwenyewe, akaipigia mstari chini kama nilivyowafundisha. Kisha akaniletea kiti.

Mkuu wa shule, mtu mwema kwa njia yake, alinipa likizo ya ugonjwa hadi mwisho wa Aprili. Nikitaka kurudi, kazi ipo. Nisipotaka, nimwandikie kabla ya hapo. Likizo gani lakini, na nyumba yangu ilikuwa ndani ya ua wa shule? Kengele ya saa moja na nusu ilinikuta kitandani, na mwili ukaruka wenyewe, miguu ikatafuta viatu. Sikulala, sikula. Na zaidi ya yote niliogopa. Tangu nitoke chuoni hakuna mtu aliyeniita kwa jina langu. Nilikuwa Mwalimu sokoni, Mwalimu kanisani, Mwalimu hata kwa mpangaji mwenzangu. Nikiacha kufundisha nitakuwa nani? Swali hilo nilizunguka nalo usiku na mchana, na mwisho wa Aprili ulikuwa unakuja.

Siku ya nne ya likizo nilikwenda Malvern, mashariki ya jiji, kuchukua sketi niliyokuwa nimeipeleka ipunguzwe. Mama Neema alishonea katika chumba cha mbele cha nyumba aliyopanga, hatua chache kutoka Jules Street, jirani na saluni ya mwenzake aliyeitwa Mama Shukuru. Alikuwa mnene, mweusi wa kung'aa, pini mdomoni muda wote, na aliweza kukugombeza bila kuzimeza. Kila mteja alikuwa na ukurasa wake katika daftari la vipimo. Nilipoijaribu sketi ikanishuka hadi nyongani. Akanipima kiuno, akatazama daftari, akanipima tena. "Mwalimu," akasema, "ile kiuno ya Novemba ulipeleka wapi?" Nikacheka, au nilidhani ninacheka. Akanitazama usoni, akatoa pini mdomoni moja baada ya nyingine, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. Akaniambia nikae pale juu ya marobota ya vitenge nimsubiri amalize pindo. Nilikaa saa nne asubuhi. Nilipoamka ilikuwa saa kumi, nimefunikwa gauni la harusi la mtu, na mtoto wa kike wa miaka tisa ameketi mbele yangu na mkate mkononi akinichunguza. "Maman," akaita kwa Kiingereza, "ameamka. Alikuwa anakoroma." Huyo ndiye Neema.

Sikurudi kwenye nyumba ya shule ila kuchukua nguo. Mama Neema alinipa chumba cha nyuma, alichokuwa akiwekea vitambaa, kilichotenganishwa na duka kwa pazia tu. Nikifumba macho leo naweza kukitembea: kitanda cha chuma, godoro lenye bonde katikati, dirisha linalotazama ua na kamba za kuanikia, bomba moja la maji ambalo familia nne zilikuwa zikiligombania, na upande wa pili wa pazia ile cherehani ikikimbia, ikisimama, ikikimbia. Nilimwambia nitamsaidia kazi za nyumba. Asubuhi ya kwanza nikashika ufagio. Akanipokonya.

"Weye unafanya nini?"

"Nafagia, Mama Neema. Siwezi kukaa bure."

"Mwanamke mwenye alizala anafagia?"

"Sijazaa mimi."

"Ulizala," akasema. "Ulizala batoto wengi kupita mama wote ya hii parcelle, hii ua yote, na hakuna mutu alikupikia hata supu. Njo maana uko hivi. Sasa utalala arobaini. Siku makumi ine. Ufagio, usiguse. Sufuria, usiguse. Na hii bic nyekundu," akaichomoa kalamu yangu ya kusahihishia mfukoni mwa koti, "leta." Akaitia ndani ya kopo la vifungo, akalifunika, akaliweka juu ya kabati.

Nilidhani ni utani. Haukuwa utani. Nilitunzwa kama mzazi aliyejifungua jana. Asubuhi na jioni maji ya moto, moto wa kukufanya useme mambo ambayo Mkristo hasemi, akinikanda mgongo na nyonga kwa kitambaa huku nikipiga kelele na Neema akicheka nje ya mlango. Baada ya maji, tumbo lilifungwa kitenge kwa nguvu. Baada ya kufungwa, uji wa mtama na soya na karanga, bakuli kubwa, na alisimama hapo hapo hadi niukwangue. Mchana bugali na sombe, yaani kisamvu, iliyopikwa na mawese, au ndagala, dagaa wa kwao, au mchicha waliouita lengalenga. Ijumaa supu ya kuku, na kuku mwenyewe alikuwa wangu, wao wakila mboga. Nilipolalamika aliniambia nifunge mdomo kwa kuku. Nje sikutoka ila kwenda chooni, nimefunikwa kichwa na mabega. Wiki ya kwanza nililala tu. Wiki ya pili nilianza kusikia njaa kabla ya chakula kuja, na nakumbuka furaha ya kuisikia.

Habari kwamba kuna mwalimu wa hesabu kwa Mama Neema zilienea, na Jumamosi wazazi walianza kuja, Wakongo, Warundi, hata Mtanzania mmoja na mapacha wake, kila mmoja na mtoto na daftari. Niliwasikia nyuma ya pazia, nikajifunika blanketi hadi kichwani. "Mwalimu hatoke mpaka arobaini," Mama Neema aliwajibu wote, akiendelea kushona. "Hata dakika tano, Maman?" "Hata dakika moja. Mungu mwenyewe akikuja na hesabu yake, atangoje." Na wakaondoka. Hakuna mtu aliyewahi kunikatalia watu maishani mwangu. Mimi mwenyewe sikujua kwamba inawezekana.

Kwa kuwa sikuwa na la kufanya, nilisikiliza. Ah, raha ya pazia lile! Wateja walizungumza kana kwamba kitambaa ni ukuta wa mawe. Nilijua harusi zipi zingevunjika kabla ya bibi harusi kujua. Na katikati ya hayo, kwa siku kama kumi, kulikuwa na hadithi moja niliyoifuata kuliko zote: msichana fulani maskini wa mtaani aliyezaa kwa siri. Walinong'ona kila Mama Neema akitoka kwenda bombani. Tumbo lake hakuna aliyeliona, alilificha chini ya makoti. Baba hajulikani. "Pengine ni mutu wa Sandton, ana bibi." "Pengine ni pasta." "Eish, usiseme pasta!" Na mtoto halii, hata mara moja, labda ni mdhaifu. Niliwahurumia sana mama na mwanawe. Usiku niliwaombea. Niliomba Mungu ampe yule binti moyo wa kutoka nje bila aibu.

Mnajua tayari. Mimi sikujua.

Jumapili moja baada ya ibada, Mama Neema akiwa amekwenda maduka ya Fordsburg kwa uzi na zipu, nilisikia nyimbo uani. Pazia likafunguka, wakaingia wanawake watano waliovaa vizuri, Mama Shukuru wa saluni mbele, na kichwani mwake beseni la kijani limejaa: sabuni, poda, nepi za kitambaa zilizokunjwa, kofia ndogo ya sufu, kuku mzima miguu imefungwa. Walinizunguka wakiimba na kupiga makofi. Mmoja aliinua ncha ya blanketi langu kwa upole. Mwingine akatazama upande wa ukutani. Mama Shukuru akainama hadi chini ya kitanda.

"Mutoto iko wapi?"

"Mtoto gani?" nikasema.

Wimbo ukafa. "Usiogope, Mwalimu," akasema, na akanishika mkono. "Hatukuje kuuliza baba. Mutoto ni ya Mungu. Tuliona maji ya moto, tuliona supu, tuliona tumbo imefungwa, tukasema, huyu hana mama hapa Afrika ya Kusini, sisi njo mama yake. Tuonyeshe tu."

Jamani. Ndipo yote ya nyuma ya pazia yaliponirudia, mtu wa Sandton, pasta, makoti, na nikajua nilikuwa nikijiombea mwenyewe. Nilitaka kucheka na kicheko hakikuja. Nitasema ukweli, kwa kuwa sasa ni mzee na hakuna wa kunicheka: iliniuma. Enzi zile nilimtaka mtoto, nilikuwa nikisema nitamtafuta muhula ukiisha, na muhula haukuisha. Kuona ile kofia ndogo ya sufu kulinichoma mahali ambapo hata uchovu haukuwa umefika. Kuku alikuwa akipiga mabawa sakafuni, nao wanawake watano hawakujua waangalie wapi.

Mama Neema alirudi na mifuko yake, akasimama mlangoni, akatazama beseni, akatazama kofia, akaelewa. Alicheka hadi akakaa sakafuni karibu na kuku. Kisha akaacha, ghafla, akajifuta macho. "Munacheka nini?" akawauliza, ingawa aliyecheka alikuwa yeye peke yake. "Mutoto munatafuta iko hapo kitandani. Muangalie vizuri. Huyu mutu alilea batoto ya benyewe miaka nane, walimunyonya mpaka mifupa, na siku maziwa ilikauka walimupa karatasi ya ugonjwa. Ni nani wa kumuogesha?"

Mama Shukuru ndiye aliyeinuka. Akaondoa nepi na sabuni ndani ya beseni, akaziweka kitandani kwa mpangilio, akatoka, akarudi nalo lina maji ya moto kutoka kwenye jiko la Mama Neema. Akapiga magoti na nguo yake ya kanisani. "Leta miguu, Mwalimu," akasema. Walinisugua miguu watu watano, katika beseni la mtoto, vidole kimoja kimoja, na mmoja akaanza tena wimbo kwa sauti ya chini. Mimi si mtu wa kulia ovyo. Siku ile nililia kilio cha sauti, cha mtoto kabisa, majirani wakaja madirishani. Na Mama Shukuru akasema, bila kuinua kichwa, "Voilà. Sasa mutoto amelia." Nilipotaka warudi na vitu vyao walikataa katakata: zawadi ya uzazi hairudi kwa mwenyewe. Nepi Mama Neema alizitumia kupigia pasi, kuku tulimla, kofia nilimpelekea mtoto wa Mrundi mmoja wa uani aliyezaliwa Juni. Beseni nikabaki nalo.

Siku ya arobaini iliangukia karibu na mwisho wa Aprili. Asubuhi hiyo nilikaa kwenye meza ya cherehani nikaandika barua ya shule, mistari minne. Mama Neema hakujua kusoma Kiingereza. "Umeomba ruhusa ao umeaga?" akauliza. "Nimeaga." Nikaikunja barua. "Muzuri. Kula." Baada ya uji alinivika gauni la kitenge alilolishona bila kunionyesha, akanipaka poda shingoni na kifuani kama anavyopakwa mzazi anayetolewa nje, na wale watano wakanishika mkono, tukatoka hadi Jules Street. Jua lilinichoma macho. Kwenye robot, taa za barabarani, magari yalitupigia honi, wenye maduka ya vyuma na magodoro walitoka milangoni, na mwanamume mmoja akapaza sauti, "Hongera, Mama!" Mama Neema akamjibu, "Asante!" Neema alitembea hatua kumi nyuma yetu akijifanya hatujui.

Makaratasi yangu ya kuishi nchini yalikuwa yamebakiza karibu mwaka mzima, na mwaka huo niliupumzika wote. Watu hawanielewi nikisema hivyo. Niliamka, nikakaa uani, nikatazama nguo zikikauka. Kuanzia Agosti Mama Neema aliniruhusu kushona vifungo, baadaye kukata. Kukata ni hesabu, na hesabu ilinirudia kupitia vidole, bila kengele. Jumamosi tulikwenda Fordsburg, tukashika vitambaa tusivyonunua, tukanywa chai ya maziwa yenye iliki na kula sambusa, na wenye maduka walimwita Mama naye aliwaita wezi. Sijawahi kuwa na furaha kama hiyo. Nimeshona sare za shule tangu mwaka ule hadi leo, na kila nikikunja ukosi mdogo namkumbuka yule msichana aliyeniandikia tarehe. Sikumuaga. Hilo ndilo ninalolijutia, mengine yote sijuti.

Tulimzika Mama Neema Jumamosi. Jumapili nilikwenda Malvern na beseni mkononi. Chumba cha mbele kilijaa wanawake juu ya magodoro, cherehani imefunikwa shuka nyeupe. Mama Shukuru, mzee sasa, mguu mmoja haufanyi kazi, aliliona beseni kabla ya kuniona mimi. Akacheka, machozi yakimtoka. "Mwalimu! Mutoto alifika?"

"Sijui," nikamwambia. "Neema yuko wapi?"

Akanyoosha kidole kwenye pazia. Neema ana miaka thelathini na miwili. Anafundisha shule ya msingi huku huku mashariki, watoto hamsini darasa moja, na miezi yote ya ugonjwa wa mama yake hakukosa hata siku. Nilimkuta kwenye kitanda kile cha chuma, nguo nyeusi zimemning'inia, amezungukwa na madaftari, anasahihisha. Sikio lilikuwa nje kwa wageni na jicho kwenye ukurasa. Aliniambia kwa Kiingereza kwamba kesho wana mtihani, kwamba hawezi kuwaangusha, kwamba yuko sawa. Nikalitazama daftari lililokuwa mapajani mwake. Alikuwa amelisahihisha mara mbili.

Nilimtoa kalamu nyekundu mkononi. Hakupinga, na hilo ndilo lililonitisha. Kopo la vifungo lilikuwa bado pale juu ya kabati. Nikafungua kifuniko chake, na ndani, chini ya vifungo, ilikuwamo kalamu yangu, wino umekauka. Nikaitia yake juu ya yangu. Uani nilisikia Mama Shukuru akiamuru watu waweke maji jikoni, maji mengi, yachemke. Neema akalitazama beseni nililoliweka sakafuni, akavua viatu polepole, kimoja, kingine, na akaniuliza kwa Kiswahili cha mama yake, "Shangazi, siku ngapi?"

"Arobaini," nikamwambia. "Na ufagio usiguse."